Kutoka petroli hadi betri: kubadili mashine ya HP 15 kwenye boti ya mita 6

Maswali ni yaleyale kila mara. Nitafika na kurudi? Betri za gari zinafaa? Maji ya chumvi hayatakula kila kitu? Lazima ninunue mashine mpya nzima? Hapa tunayajibu kwa kufanya kazi yenyewe: unachukua mashine ya petroli ya HP 15, unavua kichwa chake (injini yenyewe iliyo juu), unaweka mota ya umeme juu ya mguu uleule (sehemu ya chini yenye shafti, gia boksi na panga la kusukuma maji), na betri mbili ndani ya boti. Vipimo vyote hapa ni vya boti ya faiba au mbao ya mita 6, watu sita hadi wanane, safari fupifupi kama za Lamu mjini hadi Shela, au za ndani ya Mida, Kilifi au Mtwapa.

Kwanza jiulize kama boti yako inafaa. Inafaa ikiwa inatembea ikikata maji, si ikiruka juu yake. Boti ya mita 6 inayokata maji haiendi zaidi ya kilomita 11 kwa saa bila kula nguvu kupita kiasi. Huo ni mpaka wa umbo la boti, wala hauvukwi kwa kuongeza betri. Kama kazi yako ni kukimbiza watalii kwa mashine ya HP 40, au kulala baharini usiku kucha mbali na pwani, baki na petroli kwa sasa. Usimsikilize anayekuuzia vinginevyo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mashine ya HP 15 ambayo gia boksi na shafti yake ni nzima. Kichwa kikiwa kimekufa si hoja, utakitoa.
- Mota ya sumaku isiyo na brashi, volti 48, kilowati 5 za kufanya kazi mfululizo. Soma neno "mfululizo" kwenye karatasi yake: wauzaji hupenda kuandika nguvu ya sekunde kumi.
- Kontrola ya mota hiyohiyo, volti 48, pamoja na akseleta.
- Betri mbili za litiamu za volti 51.2, ampea-saa 100 kila moja, zenye BMS ndani, yaani kifaa kinachoilinda betri na kuizima ikizidiwa. Lebo iseme LiFePO4.
- Fyuzi aina ya T: moja ya ampea 150, mbili za ampea 125.
- Swichi kuu na kontakta (swichi nzito inayofungwa kwa umeme) ya ampea 200, vyote vya umeme wa DC.
- Rezista ya omu 100, wati 50, na kitufe cha kubonyeza.
- Kebo ya shaba iliyopakwa bati, milimita 35 za mraba, nyekundu na nyeusi.
- Lagi za shaba (vichwa vya kubana kwenye ncha) za kebo hiyo, mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, na koleo la haidroli la kubania lagi. Koleo unaweza kuazima.
- Kipimo cha betri chenye shanti, kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.
- Kigeuzi cha volti 48 kwenda 12, na betri ndogo ya volti 12 kwa taa na pampu ya ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika).
- Kamba ya dharura ya mkononi inayozima mota nahodha akianguka.
- Bamba la alumini la milimita 12, na fundi wa kukereza chuma.
- Mita ya umeme, kipimajoto cha kuelekeza, spana ya kupima nguvu.

Betri za gari hazifai. Zimeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache tu, na ukizinyonya hadi chini kila siku zinakufa ndani ya miezi. Hata zile kubwa za sola za asidi, nne za ampea-saa 200, zina uzito wa zaidi ya kilo 200 na utatumia nusu tu ya kilichomo.

1. Pima safari yako, si mashine yako

Watu wengi huanza kwa kuuliza mota kubwa kiasi gani. Anza na siku yako ya kazi. Jaza tangi la petroli hadi alama, fanya kazi ya siku ya kawaida kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa (simu itakuonyesha), kisha pima lita za kujazia tena hadi alama ileile. Zidisha lita hizo kwa 1.2. Jibu ni uniti za umeme utakazohitaji, uniti zilezile unazonunua kwa tokeni. Lita moja ya petroli ina joto la karibu uniti 9, lakini mashine ndogo hutupa sehemu kubwa kwenye moshi na maji ya kupooza.

Hakiki kwa njia ya pili. Boti ya mita 6 yenye mzigo wa kawaida huhitaji karibu kilowati 2 kwenda kilomita 9 kwa saa. Lamu hadi Shela ni kama kilomita 3. Kwenda na kurudi ni dakika 40, uniti 1.3. Safari tano ni uniti 6.5. Betri zako mbili zina uniti 10.2, usitumie zaidi ya asilimia 80, yaani uniti 8. Inatosha, na akiba ipo.

Sasa weka mkondo ndani ya hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoachwa katikati ya maji. Mkondo ukiwa wa kilomita 3 kwa saa, unakwenda kwa 6 na kurudi kwa 12. Dakika 30 na dakika 15: jumla 45, si 40. Maji yanayokurudisha hayalipi yote yaliyokula wakati wa kwenda. Na ukiongeza mwendo hadi kilomita 11 ili uushinde mkondo, kilowati 2 zinakuwa 4 au zaidi. Kwa hiyo piga hesabu ya siku ya bamvua (maji makuu) na upepo wa kusi, usipige ya asubuhi shwari ya maji mafu.

Kabla ya kununua chochote zungumza na wakaguzi wa vyombo: KMA kwa Kenya, TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar. Boti iliyobadilishwa mashine si ile iliyokaguliwa mwanzo.

2. Toa petroli yote

Tangi, mpira, pampu ya mkono, vyote vitoke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutulia ngamani na hauonekani. Fungua vifuniko vyote, osha ngama kwa sabuni, acha boti wazi mchana mzima penye upepo. Usiguse waya wowote kabla harufu haijaisha kabisa. Petroli iliyobaki mpe mwenzako mwenye mashine ya petroli, usiimwage majini.

3. Vua kichwa cha mashine

Fungua boliti zinazoshika kichwa kwenye mguu. Kwenye mashine iliyokaa chumvini zitakuwa zimeganda: zipulizie dawa ya kutu tangu jana yake, zipashe moto kidogo, zigeuze nyuma na mbele. Ukilazimisha itakatika, na kutoboa boliti iliyokatikia ndani ya alumini ni kazi ya siku nzima.

Kranki, shafti kuu ya injini, usiitupe. Ncha yake ya chini ina meno ya ndani yanayoingia juu ya shafti ya mguu, na meno hayo ndiyo utakayotumia hatua inayofuata.

Angalia oili ya gia boksi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, sili zimekwisha. Badilisha sasa, kabla mota haijakaa juu.

4. Kiungo na bamba

Mpe fundi kereza ncha ile ya kranki, kama milimita 50. Aikate, aikereze nje iwe duara, kisha aiunganishe na kiungo cha shafti ya mota kwa ufunguo wa chuma na skrubu za kukazia. Kuchonga meno mapya ni ghali na mara nyingi hayakai sawa; haya ya kiwandani yanakaa.

Bamba la alumini lina mipangilio miwili ya matundu: ya nje yanafuata boliti za mguu, ya ndani yanafuata mota. Tumia gasketi ya zamani kama ramani. Shimo la katikati lazima liwe katikati kwelikweli. Shafti ikiwa nje ya mstari kwa zaidi ya milimita 0.1, itatetemeka na kula beringi. Acha nafasi ya milimita 1 hadi 2 kati ya ncha ya shafti na mwisho wa kiungo. Mota ikiisukuma shafti kwenda chini, gia boksi itapiga kelele wiki ya kwanza na kuvunjika ya pili.

Ukimaliza, zungusha kwa mkono. Isikwame popote. Paka grisi ya baharini kwenye meno.

5. Mota, kontrola na gia

Weka mota juu, kaza boliti kwa gundi ya kuzuia kulegea. Kava la zamani unaweza kulirudisha, ila toboa njia za hewa chini ya ukingo upande wa nyuma na weka feni ndogo: mota inayopoozwa kwa hewa ikifungiwa ndani ya kava bila matundu inapika yenyewe. Kontrola ikae ndani ya boti, mahali pakavu, juu ya bamba la alumini linalobeba joto lake.

Wengi hupenda kufunga gia mbele moja kwa moja na kurudi nyuma kwa kugeuza mota. Kwenye mashine nyingi meno ya kushikia gia yamechongwa kubeba mzigo upande mmoja. Ukigeuza mota yanaruka na kulika. Acha mkono wa gia ufanye kazi kama zamani, na simamisha mota kabla ya kubadili.

6. Betri mahali pake

Betri mbili ni kama kilo 90. Ukizirundika tezi (nyuma), omo (mbele) itanyanyuka na boti itaburuta maji. Ziweke karibu na katikati, chini, juu ya ubao ulioinuliwa angalau sentimita 10 kutoka ngamani, zifungwe kwa mikanda isiyoachia hata boti ikilala ubavu. Sanduku lizuie maji ya mawimbi lakini liwe na tundu la hewa linalotoka nje, mbali na walipokaa abiria. Kivuli ni lazima. Betri hizi hazipendi kuchajiwa zikiwa na zaidi ya nyuzi 45.

Kabla ya kuziunga sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), chaji kila moja peke yake hadi ijae, kisha pima. Tofauti ikizidi volti 0.1, subiri, chaji tena. Ukiunga betri iliyojaa na iliyo tupu, umeme utakimbia kutoka moja kwenda nyingine kwa nguvu ya kuzima BMS au kuchoma waya.

7. Waya

Hatua hii usiikimbie. Boti nyingi za umeme zinazokufa baharini haziuawi na mota wala betri. Zinauawa na lagi moja iliyobanwa vibaya.

Vua pete, saa na mkufu. Zungushia utepe wa umeme mpini wa kila spana. Volti 48 hazikutishi ukizigusa kwa mkono mkavu, lakini spana ikidondoka kati ya chanya na hasi itayeyuka mbele yako.

Mpangilio wa chanya: kila betri, fyuzi yake ya ampea 125 ndani ya sentimita 20, kisha zinakutana kwenye kipande kimoja cha shaba, fyuzi ya 150, swichi kuu, kontakta, kontrola. Mpangilio wa hasi: betri zote mbili, shanti, kontrola. Waya za betri moja hadi kwenye shaba ziwe na urefu sawa na za nyingine, la sivyo betri moja itafanya kazi zaidi.

Fyuzi za magari usitumie. Nyingi zimeandikwa volti 32, na betri ya litiamu ikigusana hutoa maelfu ya ampea: fyuzi ya gari itakatika lakini moto utaruka pengo na kuendelea kuwaka.

Namna ya kubana lagi: vua mpira wa kebo kwa urefu wa shingo ya lagi tu. Nyuzi zote ziingie, hata moja isibaki nje. Bana kwa haidroli mara mbili, kisha ivute kwa nguvu zako zote. Ikisogea, ikate uanze upya. Usitie risasi ya kuunganishia: hufanya nyuzi kuwa ngumu na kukatika kwa mtikisiko. Vuta mpira wa kusinyaa juu yake, upashe polepole kuanzia katikati hadi uone gundi ikichungulia ncha zote mbili kama ukingo mwembamba unaong'aa. Gundi hiyo ndiyo inayozuia chumvi kupanda ndani ya kebo. Isipochungulia, hujamaliza.

Rezista ya omu 100 na kitufe chake vinapita kando ya kontakta. Kabla ya kuwasha, nahodha anabonyeza kwa sekunde 5 ili kontrola ijae taratibu. Ukiruka hatua hii kutakuwa na cheche kila unapowasha, na siku moja kontakta itaganda ikiwa imefunga. Hapo hutaweza kuzima.

Kamba ya dharura iunge kwenye waya mwembamba wa ufunguo wa kontrola, si kwenye kebo kubwa.

Mwisho, pima kwa mita kati ya hasi ya betri na chuma cha mguu wa mashine. Kusiwe na mawasiliano yoyote. Hasi ikigusa mguu, maji ya chumvi yatakula alumini hata boti ikiwa imelala. Weka zinki mpya, kipande kinacholiwa na chumvi badala ya mguu. Kwa maji baridi kama ya Ziwa Victoria tumia anodi ya magnesiamu, maana zinki kule hailindi ipasavyo.

Pampu ya ngama ipate umeme kutoka betri ndogo ya volti 12, inayojazwa na kigeuzi. Swichi kuu ikizimwa usiku, pampu lazima iendelee kufanya kazi.

8. Panga kontrola

Umeme kutoka betri: usizidi ampea 90. Kila betri ina BMS ya ampea 100. Moja ikijizima, nyingine itabeba mzigo wote, na ukiwa umeruhusu 120 nayo itajizima. Kwa 90 unarudi nyumbani. Ampea 90 ni kilowati 4.6, zinazotosha boti hii.

Volti za chini: ianze kupunguza nguvu kwenye 49, ikate kwenye 47. Kupanda kwa akseleta: sekunde 2. Joto la mota: ipunguze kuanzia nyuzi 90.

9. Jaribu ukiwa umefungwa gatini

Funga boti kwa kamba mbili nene. Endesha ampea 20 kwa dakika 5, kisha 60 kwa dakika 15. Pita na kipimajoto kwenye kila lagi, fyuzi na swichi. Kiungo kilicho moto kuliko jirani yake kwa nyuzi 10 kimebanwa vibaya. Zima, subiri, kifanye upya. Usiseme kitajirekebisha.

10. Jaribu baharini, uandike

Chukua mtu wa pili, jaketi okozi, kasia, nanga na boti nyingine karibu. Endesha kilomita 6, 8 na 10 kwa saa, kila mwendo ukienda na kurudi kwenye mstari uleule, uandike wati na uchukue wastani. Jedwali hilo libandike mbele ya nahodha.

Kama ampea zinafika 90 na mota bado inazunguka polepole, panga la mashine lina mteremko mkubwa mno. Tafuta lenye inchi 1 au 2 pungufu. Kama inazunguka kwa kasi na boti haiendi, panga ni dogo au linavuta hewa: hakikisha bamba lililo juu ya panga liko sawa na chini ya boti au sentimita 2 hadi 3 chini yake.

Kuchaji

Tumia chaja ya LiFePO4 ya seli 16, volti 58.4. Ya ampea 30 hurudisha uniti 8 kwa saa tano hivi, na soketi ya kawaida ya nyumbani inaibeba. Mita ya tokeni itasoma kama uniti 9 kwa sababu ya upotevu. Paneli mbili za wati 400 zilizoungwa mfululizo juu ya kivuli cha boti huongeza karibu uniti 3 siku ya jua kali. Funga vizuri, kusi hung'oa.

Ikigoma

*Haiwaki kabisa.* Angalia kamba ya dharura kwanza, kisha swichi kuu, kisha taa za betri. BMS iliyojizima mara nyingi huamka ukiunga chaja.

*Inakata ukiongeza mwendo.* Pima volti za kila betri ukiwa kwenye mzigo. Ikiwa betri ziko juu ya 50 na kontrola inasoma 46, volti zinapotelea kwenye kiungo katikati. Kitafute kwa kipimajoto.

*Volti zinaonyesha 52 lakini imeishiwa ghafla.* Betri ya aina hii hukaa kati ya volti 52 na 53 na ushee kwa sehemu kubwa ya chaji yake, halafu huporomoka. Usiamini volti; amini shanti, na ijaze hadi mia kwa mia mara moja kwa wiki ili hesabu irudi sawa.

*Mtetemo mpya.* Kagua panga kwanza, huenda limeshika kamba ya uvuvi. Kisha skrubu za kiungo cha shafti.

*Nguvu inapungua baada ya dakika 20.* Ni joto. Kagua feni, matundu ya kava, na kama kontrola imegusana vizuri na bamba lake.

*Zinki imekwisha ndani ya wiki chache.* Umeme unavuja. Rudia kipimo cha hasi na mguu, kisha chomoa kigeuzi cha volti 12 na upime tena. Mara nyingi mkosaji ni waya wa taa uliochubuka ngamani.

Kila jioni suuza mota na mguu kwa maji baridi, mwagia taratibu bila presha, na baada ya saa 10 za kwanza chungulia oili ya gia boksi. Lagi zote zikazwe kwa spana ya kipimo baada ya wiki ya kwanza, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya betri. Kisha kila mwezi.